Msoma Habari Naye Ana Kazi Yake

Ken Walibora alipofariki Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu katika Barabara ya Landhies jijini Nairobi, waliomlilia walimlilia zaidi mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea. Alistahili. Lakini miaka yake ya kusoma habari, KBC na baadaye NTV, aghalabu ilitajwa kwa kupitiwa tu, kana kwamba ni kibarua cha kumlisha mwandishi akisubiri riwaya iive.

Toleo hili linakataa hesabu hiyo. Runinga za Kenya zina desturi: saa moja jioni habari za Kiswahili, saa tatu usiku za Kiingereza. Saa moja sufuria iko mekoni na watoto wangali macho. Watu wasiowahi kufungua riwaya walimsikiliza Walibora wakingojea ugali. Naye hakuwa kasuku. Habari nyingi humfikia msoma habari zikiwa bado kwa Kiingereza: hukumu ya mahakama, taarifa ya wizara, hotuba ya bajeti. Zote sharti zieleweke Bungoma na Lamu kwa kusikika mara moja, maana mtazamaji hana ukurasa wa kurudia. (Anayeona ni rahisi na aisome hotuba ya bajeti kwa sauti mbele ya bibi yake.)

Wapo wanaolalamika kwamba Kiswahili cha runinga kimejaa tafsiri sisisi, na wengine wao wanaandika humu humu. Hawakosei. Ila Walibora, baada ya kupata uzamifu Ohio State na kufundisha Wisconsin, alirudi Nation Media Group kusimamia ubora wa Kiswahili. Msomi huyo hakukiona chumba cha habari kuwa chini ya hadhi yake. Mbona sisi tukione hivyo?

Vitabu vyake vimo madukani. Je, mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza usomaji wake wa habari aanzie wapi? Wala si yeye pekee: mwaka 2021 alifariki mtangazaji Badi Muhsin, Februari 2025 mtangazaji mwenzake Leonard Mambo Mbotela. Rambirambi humiminika wiki moja, basi.

Tunaviomba vituo vifungue maktaba zao za kanda kwa vyuo vikuu. Nawe msomaji, kama una kaseti kuukuu uliyorekodia taarifa ya saa moja, usiitupe. Tuandikie.