KAZI ZA MIKONO: Darubini Isiyoruka Wala Kukwama

Tangu nilipoeleza namna ya kusugua kioo cha darubini, wengi wameniandikia wakiuliza swali moja: darubini ikiisha kutengenezwa itakaa juu ya nini, na mahali panaposuguana pawekwe kitu gani ili igeuke vizuri? Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima". Lakini katika kazi hii asiyechagua ndiye atakayekosa mavuno, nami ni shahidi.

Darubini yangu ya kwanza niliikalisha juu ya gololi za chuma nilizozitoa katika gurudumu kuukuu. Niliona fahari, maana ilizunguka kwa kuguswa tu. Usiku ule ule niliwaita majirani waje kuiona sayari ya Zohali na pete zake. Niliielekeza vema, nikamkaribisha kwanza mzee mmoja aliyekuwa ametembea mwendo mrefu. Kabla hajainama, upepo mdogo ulivuma na bomba likageuka. Mzee alitazama kwa makini, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeniita nije kutazama giza?" Nilitahayari sana.

Kesho yake nilitoa gololi, nikaacha ubao usuguane na ubao, nikapaka grisi. Sasa upepo haukuweza kuisogeza, lakini hata mimi sikuweza ila kwa kuisukuma kwa nguvu. Na ilipokubali iliruka, ikaipita nyota niliyoitaka. Tena vumbi la kiangazi lilishikwa na grisi, ikawa kama msasa.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilidhani kwamba jambo la kutafuta ni utelezi tu. Sivyo. Kila karani aijua droo ya meza iliyovimba wakati wa mvua. Huivuta, haiji, huivuta kwa nguvu zaidi, nayo huja yote kwa ghafula, karatasi zikamwagika sakafuni. Sababu yake ni kwamba nguvu ya kuianzisha ni kubwa kuliko nguvu ya kuiendeleza. Basi shikeni kanuni hii: katika darubini, kitu kilicho bora ni kile ambacho nguvu ya kuanza na nguvu ya kuendelea ni karibu sawa, nacho kiwe na uzito kidogo wa kuuzuia upepo.

Kanuni hii ina maana kubwa kwa sababu dunia haitungoji. Yazunguka nyuzi 15 kila saa. Darubini inayokuza mara 100 kwa kawaida huonyesha sehemu ya mbingu ipatayo nusu ya nyuzi moja, yaani upana wa mwezi. Kwa hiyo sayari huweza kuingia upande mmoja na kutoka upande wa pili kwa muda wa dakika 2 hivi. Mtazamaji hana budi kuisogeza darubini kidogo kidogo daima. Ikiwa yaruka kila inaposukumwa, hataona kitu.

Kitu kilichoondoa taabu hii ni Teflon, ambayo Roy Plunkett aliigundua huko Marekani mwaka 1938. Aliyewafundisha watu wengi kuitumia katika darubini ni John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kufariki mwaka 2014. Alikuwa mtawa wa dini ya Vedanta tangu mwaka 1944 hata mwaka 1967. Hakuwa na fedha, kwa hiyo alitumia vioo vya meli kuukuu, mabomba ya karatasi ngumu na plaiwudi, akaziweka darubini zake kando ya njia ili kila apitaye atazame. Kiti chake ni sanduku tu: bomba lainuka na kuinama ndani ya sanduku, na sanduku lazunguka juu ya ubao wenye miguu mitatu. Palipokuwa na haja ya vyuma vya thamani, yeye aliweka vipande vya Teflon visuguane na Formica, ile inayobandikwa juu ya meza za jikoni.

Mkienda kutafuta Formica, mwombeni seremala wa makabati masalio yake. Chagueni ile yenye vijinundu vidogo vidogo mnapoipapasa. Ile inayong'aa kama kioo yaonekana nzuri, lakini hushika zaidi wakati wa kuanza. Na Teflon iwe kipande kigumu chenye unene wa milimeta 3 au zaidi. Msiharibu kikaango cha nyumbani, maana kile kimepakwa utando mwembamba tu. Tena gundi haishiki Teflon. Ipigilieni kwa misumari midogo, vichwa vyake vizame ndani visije vikaikwaruza Formica.

Asiyepata Teflon aweza kukata ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Hautakuwa mwepesi kama Teflon, lakini wapita ubao juu ya ubao. Nailoni siisifu, kwa kuwa ina tabia ile ile ya droo. Na grisi msitie kamwe; tosheni kuifuta Formica kwa nta ya kung'arishia samani, isiyo na chembe za mchanga.

Sasa habari ya ukubwa wa vipande, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu hudhani kwamba kipande kikubwa huteleza zaidi. Kwa Teflon ni kinyume: ikikandamizwa vya kutosha huteleza vizuri zaidi. Kadiri ifaayo ni kilo 1 hivi kwa kila sentimeta moja ya mraba. Tuseme darubini pamoja na sanduku lake ina uzito wa kilo 30, nayo yakaa juu ya vipande vitatu. Kila kipande chachukua kilo 10. Basi kiwe na sentimeta 10 za mraba, yaani sentimeta 3 na kidogo kila upande. Ikiwa nzito kusukuma, punguzeni vipande. Ikiwa nyepesi mno, viongezeni. Vipande vitatu vya chini viwekwe juu ya miguu hasa, ili ubao usipinde. Vile vya kuinulia bomba viwe vinne, viwili kila upande, vikiachana nyuzi 60 hata 70 katika duara lake.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta, kama watu wa Nanyuki na Maseno, tuna shida moja ya zaidi. Nyota nyingi hupita juu ya utosi wetu. Zile tatu zilizopangana mstari, ziitwazo Mshipi wa Orioni, hupita karibu kabisa na utosi. Bomba likisimama wima, mkono wa mtazamaji u karibu na mhimili wa kuzungukia, kwa hiyo huwa kama mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba. Hapo uzito wa kuzunguka huonekana kuongezeka. Dawa yake ni rahisi: kateni vijiduara kutoka mtungi wa plastiki wa maziwa, mvivike katika ekseli ya kati baina ya zile mbao mbili, kimoja kimoja, mpaka vichukue sehemu ya mzigo. Msivizidishe, la sivyo sanduku litayumba.

Mwisho, ipimeni kazi yenu. Fungeni mizani ya ndoano penye tundu la kutazamia, mvute polepole. Someni namba darubini inapoanza kwenda, na tena inapokuwa katika mwendo. Zikikaribiana, mmefaulu. Zikiachana sana, msilaumu kioo. Rudini kwenye vipande.

Yule mzee nilimwita tena, baada ya kung'oa ubao na grisi na kuweka Teflon. Alitazama kimya muda mrefu, akiisogeza mwenyewe kwa kidole kimoja kila Zohali ilipotaka kumponyoka. Kisha akasema, "Sasa nimeiona," akaenda kumwita mkewe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kupaka rangi ndani ya bomba.

Wenu,
Fundi