Ukitaka mandhari ya Tukuyu, uliza bei ya jani

KANDO YA BARABARA
Na Zubeda Mkangara

Ipo picha moja ya Tukuyu ambayo kila mwenye simu ameshaiona. Binti kavaa kofia pana, kasimama katikati ya chai inayomfika kiunoni, mikono kaitanua, na nyuma yake kijani kinateremka mpaka kwenye ukungu. Chini pameandikwa kwamba hapa ni Tanzania, si Ulaya, kana kwamba Ulaya ndiko kunakolimwa chai. Sina ugomvi na binti huyo. Kalipa nauli, kalipa chumba, na pengine kawatia watu hamu ya kusafiri kuliko vipeperushi vya wizara. Ugomvi wangu ni na sisi wengine tunaoitazama ile picha tukidhani kijani kile kimejiotea tu na kitatusubiri mpaka siku tutakayopata likizo.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Rungwe. Pale Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, gari linaiacha barabara ya Dar es Salaam na kushika ya Malawi, kisha linaanza kupanda Uporoto. Huku juu ni viazi, watoto wenye mashavu yaliyopasuka kwa baridi, na wanaume waliovaa makoti mazito saa sita mchana. Baada ya Isongole barabara inaanza kushuka na dunia inabadilika: migomba inakuja hadi ukingoni mwa lami, nyumba zimejificha ndani yake, na Kiwira unakuta mikungu ya ndizi imepangwa chini sokoni kwa wingi unaomfanya mtu wa Pwani aone aibu kwa bei anayolipa kwao. Kisha unafika Katumba, kwenye kiwanda cha chai, na baada ya hapo mji wenyewe.

Tukuyu ni mji mdogo, uliokaa kwenye mgongo wa kilima zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Wajerumani waliuita Neu Langenburg na kujenga boma ambalo serikali zilizofuata ziliendelea kulitumia kwa ofisi. Mvua yake kwa mwaka inazidi milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Wanaotoa ushauri wa safari watakuambia uende miezi mikavu, Agosti hadi Oktoba. Mimi nasema nenda wakati wa mvua, na koti la mvua, si mwavuli, maana upepo wa kule hauheshimu miavuli. Mvua ndiyo inayochipusha chai. Ukienda kiangazi utaona mandhari iliyolala.

Vivutio vinavyotajwa sana vipo na vinafaa. Daraja la Mungu ni jiwe lililojipinda juu ya Mto Kiwira; utalitazama dakika kumi, utapiga picha, utaondoka. Maporomoko ya Kaporogwe yanastahili muda zaidi. Ziwa la Masoko, ambalo wengine wanaliita Kisiba, lina hadithi za fedha na silaha za Wajerumani zilizotupwa majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwenyeji ana toleo lake. Ziwa Ngozi ndilo lisilokosekana: unapanda kwa miguu ndani ya msitu na mianzi, huoni kitu, halafu ghafla umesimama ukingoni mwa kasoko na maji yako chini kabisa. Na msitu wa Mlima Rungwe ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye watafiti walimwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Magazeti yakaandika kwamba amegunduliwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita kipunji siku zote hizo.

Hivyo vyote havitegemei mkono wa mtu kuwa vizuri. Chai inategemea, na ndipo ninapotaka kukaa.

Mchai ni mti. Ukiuacha utapanda juu, utazidi mita kumi, utatoa maua meupe yenye kitovu cha njano na kuzaa mbegu ngumu. Kinachoufanya ubaki kiunoni, sawasawa na mwenzake, shamba zima likawa limenyooka juu kama kitanda kilichotandikwa, ni kuchumwa. Wachumaji wanaita ule usawa meza. Mchumaji mzuri analaza ufito juu ya meza na kuchuma kile tu kilichopita juu ya ufito: majani mawili na chipukizi. Baada ya wiki moja au mbili, kutegemea mvua na baridi, anarudi mstari uleule. Kila baada ya miaka kadhaa michai inapogolewa hadi kubaki vijiti vya kahawia, na mgeni akipita siku hizo husikitika akidhani shamba limekufa. Kisha mzunguko unaanza upya. Kijani cha kwenye picha, kile cha rangi ya limau kinachong'aa, ni chipukizi la siku chache ambalo kabla wiki haijaisha litakuwa limeshaingia kwenye tenga mgongoni mwa mtu.

Rungwe ina mashamba makubwa ya makampuni, lakini si kama Mufindi, ambako unaendesha gari nusu saa na chai ya mwenyewe mmoja haijaisha. Huku sehemu kubwa ya uzuri ni vipande: robo ekari ya chai, migomba, maharage, nyumba ya bati, kaburi la babu, chai tena ya jirani. Ukiniuliza, mandhari hii inayashinda mashamba makubwa, kwa sababu macho yanapata pa kupumzika. Lakini ni mandhari inayoshikiliwa na kaya nyingi ambazo kila moja inafanya hesabu yake jikoni.

Nje kidogo ya mji nilimkuta mama mmoja akichuma na binti yake. "Mugonile, mama," nikasema, akacheka kwa matamshi yangu na kuniitikia kwa Kiswahili ili tusichelewe. Shamba lake lilikuwa limetulia, meza imenyooka. Lililofuata, la jirani yake, lilinipita kichwa. Michai imefumbata, magugu yamepanda juu yake na kuyafunga matawi, maua yameanguka chini. Nilimwuliza kuna msiba gani pale.

"Hakuna msiba," akasema. "Alichoka. Mwezi unachuma, gari la kuchukua majani halikuji, jani linakauka mikononi mwako. Ukienda kuulizia fedha ya nyuma unaambiwa subiri. Yeye ana watoto Mbeya wanamtumia, akaacha."

"Na wewe, mama, mbona hujaacha?"

"Mimi watoto ndio hawa."

Jani la chai halisubiri. Likishachumwa linaanza kupoteza maji na kupata joto, na lazima lifike kiwandani siku ileile, linyaushwe, likatwe na kusagwa, liachwe kugeuka rangi kwa hewa, likaushwe, kisha lichekechwe kupata madaraja. Mwenye mahindi anaweza kugoma kuuza akasubiri bei. Mwenye chai hana ghala. Mbele ya mnunuzi hana nguvu hata kidogo, na njia ya tope inayozuia lori siku moja inamlia mapato ya siku nzima. Ile barabara ya mzunguko ya Katumba, Mbambo hadi Tukuyu, inayopita katikati ya wakulima wa chai wa Busokelo, imekuwa ikisomwa katika hotuba za bajeti ya ujenzi mwaka baada ya mwaka. Watu wa utalii wangeifuatilia kwa ukali kuliko wanavyofuatilia mabango.

Sasa hesabu. Zinahitajika kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Bei ya mkulima kwa kilo ya majani, katika miaka ya karibuni, imekuwa ikizunguka kwenye shilingi mia tatu na kitu. Chukua 350, zidisha kwa tano: 1,750. Kilo moja ya chai kavu inatoa vikombe 400 bila kujitahidi. Gawanya. Katika kikombe ulichouziwa mgahawani kwa shilingi mia kadhaa, mwenye shamba kapata shilingi nne na senti. Ndani ya hizo atoe mbolea, palizi na aliyemsaidia kuchuma. Najua kiwanda nacho kina gharama zake, kuni za mikaratusi, umeme, mafuta, mishahara. Najua pia kwamba bei haipangwi Tukuyu. Kwa miaka mingi chai yetu ya kuuza nje imekuwa ikipitia mnada wa Mombasa, inapokutana na chai ya Kenya iliyo nyingi na yenye jina. Mnada wetu wa Dar es Salaam ulianza Novemba 2023, na ni haki kuupa muda. Lakini mama yule haulizi kuhusu mnada. Anauliza gari.

Ndiyo maana ukipita Rungwe leo utaona miche ya parachichi katika vipande ambavyo zamani vilikuwa vya chai. Hass, ile ya kuuza nje, inamlipa mkulima kwa kilo mara kadhaa ya jani la chai, na haimtaki ainame kila wiki. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa na robo ekari kule ningepanda parachichi kesho asubuhi. Wazee wa pale wanakumbusha jambo moja tu: chai ilikuwa ikileta fedha kila mwezi, ya ada, ya sukari, ya mchango wa msiba, na parachichi linakuja kwa msimu. Anayeng'oa chai kwa hasira halafu akataka kuirudisha atasubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma kitu cha maana. Wengi hawatairudisha.

Ifahamike kwamba siililii chai kwa sababu ni ya asili. Si ya asili. Ilikuja na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikajaribiwa Amani kule Usambara na Kyimbila hapa Rungwe, ikawa biashara miaka ya 1920 chini ya Waingereza, na baadaye ikaenezwa kwa wakulima wadogo wakati wa Mamlaka ya Chai. Ndizi za Wanyakyusa ni za kale kuliko hayo yote. Kama Rungwe nzima itageuka bustani ya migomba na miparachichi, bado patakuwa pazuri, na wenyeji wakishiba nani atalalamika? Kinachonishangaza ni kwamba tunatangaza mandhari ya chai kwa mkono mmoja huku kwa mwingine tukiiacha chai ife, na hakuna ofisi inayoona kwamba ni suala lilelile.

Halmashauri inapata ushuru wa mazao, ambao sheria imeuwekea ukomo wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Inapata pia chake mgeni anapolala na kula mjini. Maana yake inavuna kwa mama yule mara mbili, kwa jani lake na kwa sura ya shamba lake. Ningependa nione sehemu ya fedha hiyo ikirudi kwenye mawe ya zile njia za vichochoroni zinazofika vituo vya kukusanyia majani. Si mradi mkubwa. Ni kifusi, karavati na greda kabla ya mvua za Novemba.

Na sisi wageni? Kwenye hifadhi tunalipa kiingilio bila kubisha. Kwenye shamba la mtu tunashuka kwenye gari, tunaingia, tunavunja matawi ya kando, tunapiga picha, tunaondoka, na tukimkuta mwenyewe tunamwomba asogee kidogo asitokee kwenye picha. Shilingi 5,000 kwa saa moja ni sawa na kilo 14 hivi za majani. Vikundi vya wakulima vinaweza kupanga bei hiyo wenyewe, vikaweka mtu wa kumwonyesha mgeni namna ya kulaza ufito na kuchuma bila kuharibu meza, na chai ya rangi yenye tangawizi mwisho wa safari. Havihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini Mbeya.

Nilipomwambia rafiki yangu mmoja wa kazi za utalii wazo hili, alinijibu kwamba tutawageuza wakulima kuwa maonyesho. Nilimfungulia simu, nikamwonyesha picha za Tukuyu zilizowekwa wiki hiyo. Katika tatu za kwanza mlikuwa na wachumaji nyuma ya mgeni, migongo imeinama, na hakuna aliyekuwa ameulizwa. Akaniuliza kama 5,000 haitakuwa kubwa kwa wanafunzi. Hilo ni swali la maana, na nadhani 2,000 inatosha kwao.