Pesa ya Ukame Ikiingia, Usipandishe Bei

Wadau, kuna tabia moja ya sisi wauzaji wa mtandaoni ambayo hainipendezi hata kidogo. Habari zikisambaa tu kwamba pesa ya HSNP imeingia kule kaskazini, kurasa zinaamka. "Pesa imeingia, changamkeni!" Leso ya 350 inakuwa 450. Taa ya sola iliyolala stoo miezi mitatu inaitwa "mzigo mpya".

Mimi mwenyewe nauzia watu wa Marsabit, mzigo napakia kwenye basi pale Eastleigh, kwa hivyo siongei kama mtu wa kando.

Hebu piga hesabu. HSNP ni mpango wa serikali ulio chini ya NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame. Malipo ya kawaida ambayo wengi wameyazoea ni shilingi 5,400 kila miezi miwili. Hiyo ni 2,700 kwa mwezi, yaani 90 kwa siku, nyumba nzima. Sasa ile mia uliyoongeza kwenye leso ni zaidi ya chakula cha siku moja.

Halafu kuna malipo ya dharura, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka hadi kiwango cha ukame mkali, familia ambazo kwa kawaida hazilipwi huongezwa kwenye orodha. Kwa hivyo ukisikia watu wengi wamelipwa, usidhani soko limechangamka. Maana yake mbuzi amekonda, bei yake imeanguka na maziwa hakuna. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Kwa mfugaji, hiyo ndiyo akiba yote. Na pesa yenyewe ikifika ina wenyewe tayari: unga na sukari zilizokopwa dukani.

Najua utaniambia biashara ni biashara, wewe si serikali. Sawa, na sijasema uuze kwa hasara. Nasema bei ya jana ibaki bei ya leo. Nauli ya mzigo ikipanda, mwambie mteja kabla hajalipa. Posti vitu vya msimu, kama mitungi ya maji ya lita 20, viatu vigumu vya kutembelea mbali. Manukato yanaweza kungoja mvua.

Tena kule oda nyingi hupitia kwa mtu mmoja mwenye simu nzuri, mara nyingi kijana aliyemaliza shule, anaagizia nyumba nne au tano. Ukimlalia huyo, umewalalia wote, na yeye ndiye ataulizwa kijijini.

Lingine ni hili la kushika kadi ya benki ya mteja na namba yake ya siri, ati dhamana ya deni. Wapo wanaofanya hivyo, na mimi naona ni wizi wa polepole. Mtu hajui hata kilichoingia ni ngapi!

Mimi leso na viatu sikopeshi. Mtungi wa maji nakopesha: nusu sasa, nusu malipo yajayo, kiasi tumekiandika kwenye meseji wote wawili. Malipo yakichelewa, na huchelewa, nasubiri.