Mtoto Mgonjwa Aambiwe Kweli

Mwaka jana nilimuuguza mtoto wa dada yangu katika wodi ya watoto. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mvulana wa miaka minne hivi, aliyetolewa nyumbani kwa kuambiwa anakwenda kununuliwa soda. Muuguzi alipofika na trei ya pamba, plasta na kanula ya kuingizwa mshipani, mama mtu akamwambia, "Haiumi, baba, anakutazama mkono tu." Punde mtoto alikuwa ameshikwa na watu wazima watatu, analia hadi sauti ikamkauka. Tangu saa ile kila vazi jeupe lilipopita alijifunika uso kwa kanga ya mama yake. Hata aliyeleta uji alikataliwa. Mama naye hakusadikiwa tena: alipoapa kwamba dawa ya maji ni tamu, mtoto alikaza meno.

Ndugu wazazi, kosa hili si la mama yule peke yake. Ni letu sote, na tunalianza nyumbani, mtoto angali mzima. Akikataa kula, "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Akikawia kulala, ni yale yale. Tiba tumeigeuza fimbo, kisha siku homa inapompanda tunamtaka atulie mbele ya mtu yule yule tuliyemtishia naye. Atatuliaje?

Mwambieni kweli, kwa maneno ya umri wake, kabla hamjavuka kizingiti cha nyumba. "Tunakwenda hospitali, tutalala huko. Utachomwa sindano, itauma kama siafu anapouma, kisha itakwisha. Mimi nitakupakata. Ukitaka kulia, lia." Atalia, ndiyo. Lakini kesho yake ukimwambia leo hakuna sindano, atakusadiki na atalala.

Na kupakata si kudekeza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo: mtoto mdogo apakatwe na mzazi, mkubwa akae wima, anayenyonya anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Kanula si chanjo, najua. Basi mwulize muuguzi kwa adabu kama unaweza kumpakata. Kuuliza ni bure.

Hata kuwapo wodini na mtoto ni neema ambayo wengine waliipigania. Uingereza, hospitali nyingi ziliwazuia wazazi mlangoni, zikidai kwamba wakija watoto hulia. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na watu wakaona jinsi mtoto anavyonyong'onyea akitengwa na mama yake. Mwaka 1959 ndipo kamati ya serikali iliyojulikana kama kamati ya Platt ilipopendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Kwetu mama hulala ubavuni mwa mwanawe tangu zamani.

Ila mama huyo huchoka. Usiku wa tatu bila usingizi, mkono unaopaswa kubembeleza huanza kufinya. Katika wodi ile niliwaona akina baba wakifika saa kumi jioni na machungwa, wakisimama miguuni pa kitanda, na kengele ikilia wakaondoka. Baba, safari hii njoo na gari la waya ambalo mtoto amelizoea. Omba ruhusa ubaki. Mwache mama akaoge, akalale, na wewe umpakate mwanao.