Uchunguzi wa Habari Ufike Kizingitini

Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Mvuvi wa Kizingitini hujua samaki wamepungua wavuni. Lakini kuifuata kandarasi iliyopewa kampuni ya Kichina, kutoka Lamu hadi Beijing, gazeti moja haliwezi. Sembuse lile litegemealo matangazo ya serikali.

Kwa hivyo twaunga mkono ushirikiano wa vyumba vya habari vya uchunguzi visivyotafuta faida. Mwaka 2021, Africa Uncensored ya Nairobi ilijiunga na wanahabari zaidi ya 600 wa nchi 117, chini ya shirika la ICIJ, kuchambua nyaraka milioni 11.9 za Pandora Papers. Hapo ndipo Wakenya walipojua habari za makampuni ya ng'ambo yaliyohusishwa na jamaa ya Kenyatta.

Fedha za wafadhili, ni kweli, si za kutegemewa. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, vyumba vingi viliyumba. Kasoro tuionayo kubwa zaidi ni lugha. Uchunguzi mwingi huandikwa Kiingereza. Twataka uandikwe Kiswahili pia, na mwandishi akae Lamu, si kuja kwa ndege siku mbili.