Uchovu Huu Si Uvivu

Mwalimu anayesinzia mezani, mwili ukimwongezeka hali chakula chake ni kile kile, huitwa mvivu kabla hajaulizwa hali. Mwanafunzi naye huandikiwa katika ripoti kwamba amezembea. Twaona kwamba hukumu za namna hii hutolewa kwa haraka mno katika shule zetu.

Shingoni, chini ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Ndiyo itoayo homoni zinazouongoza mwili katika kutumia chakula na kutoa joto. Homoni hizo zikipungua, kila kitu hupoa: moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, hedhi huvurugika, na akili husahau. Mtu akionekana amevaa sweta adhuhuri huko Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ambako jua halina mzaha, asichekwe. Apimwe.

Wako watakaosema kwamba chumvi ilikwisha kulimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba mwaka 1978 Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini, kinga kubwa dhidi ya rovu. Lakini yako maradhi mengine, yenye jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeyaeleza mwaka 1912, ambamo kinga ya mwili wenyewe huishambulia tezi hiyo. Hayo chumvi haiyazuii, na huwapata wanawake kuliko wanaume.

Hatusemi kila mnene ana kasoro ya homoni. Unene utokanao na tezi hii kwa kawaida ni wa kilo chache, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi. Aliyezidi hapo aitazame pia sahani yake. Wala tembe za homoni hizo si dawa ya kukondesha: azimezaye bila haja huuhatarisha moyo wake. Uchovu nao huweza kuletwa na upungufu wa damu au kisukari, ndiyo maana twasisitiza kupima badala ya kukisia.

Akipatikana na upungufu huo, mgonjwa humeza dawa kila siku, mara nyingi maisha yake yote, naye hurudia kazi yake. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Twaiomba ile ya Taita Taveta ihakikishe kwamba damu yaweza kutolewa katika zahanati za Kasigau na kupelekwa maabara ya Voi, ili mwalimu asipoteze siku nzima ya masomo kwa safari ya kupitia Maungu. Walimu wakuu nao, kabla ya kuandika barua ya onyo, wamwulize mhusika amelalaje, na kama huhisi baridi.