Akiba ya Chakula si Kukosa Tawakali



Katika kikao cha kamati kilichopita lilitolewa shauri kwamba tutenge sehemu ndogo ya mapato ya msimu ujao, zinunuliwe nafaka, ziwekwe ghalani kwa ajili ya mwanachama atakayepungukiwa. Shauri halikupita. Mzee wetu mmoja, ambaye mimi namheshimu kama baba yangu, alisema kuweka chakula cha mwaka mzima ni kumdhania Mwenyezi Mungu vibaya. Mwingine akaongeza kuwa huo ni uhodhi, na uhodhi ni haramu. Siku ile nilinyamaza, kwani kazi ya katibu kikaoni ni kuandika. Leo naomba niseme yangu.

Mwaka jana nilikwenda Lushoto, arusini kwa jamaa. Gari hupanda kutoka Mombo kupitia Soni, na kila kona baridi huzidi, hata mtu wa pwani akajuta kuja na kanzu moja. Mwenyeji wangu, mzee wa Kisambaa, alinikaribisha jikoni penye moto. Nilipoinua macho nikaona dari imejaa mahindi yaliyo katika maganda yake, meusi kwa moshi. Nikamwuliza, "Baba, yote haya ni ya kuuza?" Akacheka. "La, mwanangu. Haya ni ya Nabii Yusuf."

Sote tulisoma sura hiyo chuoni, lakini nakiri kwamba mimi niliisoma kama kisa cha ndugu wenye husuda, nikapita. Mzee yule aliisoma kama mkulima. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Yusuf hakumwambia akae aombe dua. Alimwambia walime miaka saba mfululizo, wanachovuna wakiache katika mashuke yake ila kidogo cha kula. Na hata katika miaka ya dhiki kibaki kidogo cha kuhifadhi. Huyu ni Mtume, aliyejulishwa yatakayokuja. Ikiwa yeye hakuona kwamba ghala linapingana na tawakali, sisi wa Pemba tumeipata wapi tawakali iliyo kubwa kuliko yake? Tena Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume wetu, sala na salamu zimfikie, alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka kutoka mitende ya Bani Nadhir.

Ama uhodhi uliokatazwa ni kununua na kukificha chakula watu wanapokihitaji, ili bei ipande ukiuze ghali. Ghala la chama halitauza kwa faida. Nani ataumizwa nalo?

Wasambaa hawakujifunza haya kwa vitabu peke yake. Zamani walimtazama mfalme wa Kikilindi aliyekaa Vugha kuwa ndiye mwenye mvua na ndiye mwenye shibe. Akitawala peke yake bila mshindani, nchi hupona, nao huita kuzifya shi. Wakishindana wawili, nguvu kwa nguvu, mvua hufungwa na njaa huingia. Hiyo ni kubana shi. Sisi Waislamu hatusemi kuwa mtu ana mvua mkononi. Lakini tazameni yaliyotokea alipokufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862: wakubwa wakagombana, Semboja wa Mazinde akapata bunduki kwa njia ya biashara, raia wakauzwa utumwani. Ni nani atalima na kuweka akiba ikiwa hajui kama atakuwepo kuila? Na mwisho wa karne ile, 1898 hadi 1900, ukame uliwapiga vibaya. Naamini dari ile ya jikoni ina kumbukumbu ya siku hizo.

Na sisi je? Karafuu haipikwi ikaliwa. Mkarafuu mwaka mmoja hujaa, mwaka wa pili humpa mwenyewe majani. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na sisi tukasalimika kwa sehemu kubwa. Hatukupewa ahadi ya mara ya pili. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliozoeleka kutoka huko ulikatika, na wazee walirudi kwenye mhogo. Hata leo mchele wa mapembe huja kwa meli. Nawajua wenzetu waliokodisha mikarafuu yao kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu nyumbani hapakuwa na cha kupika. Laiti wangepata magunia mawili ghalani, wangechuma wenyewe.

Jambo moja lazima niliseme wazi, asije mtu akafuata mashuke ya Yusuf kwa mahindi ya leo. Tangu miaka ya 1980 yuko dumuzi, aliyeonekana kwanza Tabora, na hupenda mno mahindi yasiyopukuchuliwa. Hata makopa huyafanya unga. Mahindi yakauke sawasawa, yapukuchuliwe, yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mimi mwenyewe nilipoteza magunia matatu kwa kudhani fukusi ni fukusi tu.

Na juu ya ufunguo: wasiwasi wa wanachama naujua, na ni wa haki. Nguvu kwa nguvu yaweza kuingia hata katika kamati. Kwa hiyo napendekeza kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mshika fedha, wa pili kwa mwanachama asiye katika kamati, atakayechaguliwa na mkutano mkuu. Daftari la kuingiza na kutoa libandikwe mlangoni kila mwezi.

Shauri litarudishwa katika mkutano mkuu kabla ya mchumo kuanza. Mzee wetu nimekwisha kumwendea nyumbani kumwomba radhi kwa kuandika haya. Amesema atakuja, na atapinga.

Katibu